Nimerithi nyumba yenye umbo la konokono Likoni: tuhamie au tuibomoe?

BintiWaBaharia aliuliza:

Assalam aleikum ndugu zangu, na kwa wasio wa salamu hiyo, habari zenu. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kuishi katika nyumba isiyo ya pembe nne, au waliowahi kuijenga, kwa sababu ushauri wote nilioupata mpaka sasa umetoka kwa watu ambao hawajalala hata usiku mmoja katika nyumba ya namna hiyo.

Marehemu ami yangu alikuwa baharia wa meli za mizigo kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipoamua kukaa nchi kavu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, alijijengea nyumba Likoni, mwendo mfupi kutoka ufukweni, kwa umbo la konokono wa bahari. Sisemi kwamba ilichorwa konokono ukutani. Nyumba yenyewe ndiyo imejiviringa. Unaingia kwa mdomo mpana unaotazama bahari, unaufuata ukuta unaopinda kushoto, vyumba vinafuatana huku vikizidi kuwa vidogo, na mwisho unafika kitovuni, chumba cha duara chenye kuba ambamo ami aliweka redio na dira yake. Huwezi kusema ukuta unaishia wapi na paa linaanzia wapi, kwa kuwa ukuta unapanda, unainama, kisha unageuka kuwa paa. Madereva wa tuktuk hawahitaji maelezo: ukisema "Konokono" unafikishwa mlangoni.

Mirathi imegawanywa na nyumba hiyo imeniangukia mimi. Kaka zangu wananisihi niibomoe nijenge vyumba vya kupangisha. Mume wangu hana pingamizi na kuhamia, ila anauliza kila siku kabati la nguo litakaa wapi, na tena angependa atoboe mlango wa pili upande wa nyuma, karibu na kitovu, ili mama yake, ambaye hutembea kwa mkongojo, asilazimike kuzunguka nyumba nzima kila anapotaka kutoka.

Tulikaa huko wiki mbili wakati wa likizo ili tujaribu. Kabati tulilolibeba kutoka nyumba yetu ya Majengo liligusa ukuta kwa kichwa huku miguu ikiwa mbali, na katika uwazi uliobaki nyuma yake mtoto wangu wa mwisho alijificha, tukamtafuta mpaka tukaanza kuuliza majirani. Mtu akikohoa kitovuni anasikika kama amekaa begani pako. Mvua ya siku mbili ilivuja mahali patatu, na kwenye mdomo maji yaliingia yakisukumwa na upepo. Jumapili alifika bibi harusi pamoja na wapambe na mpiga picha, wakajipanga ukumbini mwetu bila hodi. Nilikuwa nikipaa samaki. Hata hivyo, kwa usiku wote kumi na minne hatukuwasha feni hata mara moja, jambo ambalo kule Majengo halijawahi kutokea tangu niolewe.

Je, nyumba kama hii inaweza kukaliwa na familia ya watu sita mwaka baada ya mwaka, au ni kitu cha kutembelewa tu?

---

Mkweli_wa_Tudor alijibu:

Dada, pole kwa msiba. Nitasema lisilopendeza ili angalau liwe limesemwa. Nyumba ya pembe nne hukua pamoja na familia: unaongeza chumba ubavuni, na ukijaliwa unapandisha ghorofa. Nyumba iliyojiviringa haiongezeki. Kule Dakar, nchini Senegal, miaka ya mwanzo ya hamsini zilijengwa nyumba nyingi za kuba kwa mbinu ya Mmarekani Wallace Neff, ambaye alipuliza puto kubwa, akalimiminia saruji juu yake, kisha akalitoa upepo na kuacha gamba. Zilikuwa za haraka na za bei nafuu. Lakini familia zilipoongezeka, wenyewe walizibandikia vyumba vya pembe nne kila upande, na nyingine wakazivunja kabisa. Hesabu watoto wako, kisha hesabu wajukuu utakaowapata.

---

FundiMstaafu alijibu:

Waalaikum salaam, binti yangu. Nimefanya kazi ya uashi Pwani kwa miaka thelathini na minane, na katika muda huo nimewahi kushika nyumba tatu tu za magamba kama hiyo yako, kwa hiyo sijidai kuwa bingwa, lakini nina la kusema.

Kwanza, elewa uko ndani ya kitu gani. Kwa maelezo yako, na kwa kuwa mwenyewe alikuwa mtu wa bahari, nina hakika kubwa kwamba ami yako hakujenga kwa mawe bali kwa nondo nyembamba zilizopindwa, wavu wa kuku tabaka kadhaa, na saruji iliyosukumwa humo kwa mkono. Mbinu hiyo ilianzia majini. Mwaka 1848 Mfaransa Joseph-Louis Lambot alitengeneza mashua ndogo kwa nyaya na saruji, na mwaka 1855 akaionyesha Paris kwenye maonyesho makubwa. Kwa hiyo mmerithi chombo cha baharini kilichofunikwa juu ya ardhi, na chombo hakitunzwi kama nyumba. Nyumba ya mawe unaweza kuisahau miaka kumi. Jahazi kila mwaka hupandishwa pwani, likakwanguliwa, likakalafatiwa, yaani nyufa zake zikazibwa kwa pamba, likapakwa deheni, yaani mafuta ya kulikinga na maji, na nahodha asiyefanya hivyo hamlaumu mtu. Mkikubali kuitunza Konokono kwa kalenda ya jahazi itakaa. Mkiitunza kwa kalenda ya nyumba, kaka zako watashinda bila kubomoa chochote.

Adui yako si mvua, ni chumvi. Gamba kama hilo huwa na unene wa inchi moja mpaka mbili, na chuma kiko karibu sana na uso wake. Hewa ya bahari hupenyeza chumvi, chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo husukuma saruji kutoka ndani mpaka ibanduke. Chukua nyundo ndogo, uigonge nyumba nzima, shubiri kwa shubiri, ndani na nje. Penye uzima patalia sauti kavu na ya juu. Penye ugonjwa patatoa sauti ya debe tupu, hata kama rangi yake ni nzuri. Weka alama ya chaki kila unaposikia debe. Tazama pia madoa ya rangi ya hudhurungi yanayoshuka chini baada ya mvua.

Alama zikiwa chache, kazi ni ya kawaida: unabomoa palipooza mpaka ukutane na chuma kisafi, unasugua kutu yote kwa brashi ya waya, unakata na kuunga wavu mpya ukipandana na wa zamani, kisha unarudishia saruji nzito yenye maji machache, ukiifunika kwa magunia yanayoloweshwa kwa siku saba. Mchanga usichotwe ufukweni kwa hali yoyote, hata kama uko hatua ishirini kutoka mlangoni na ni wa bure, kwani huo ndio unaoingiza chumvi ndani ya ukuta kabla bahari haijajisumbua. Alama zikiwa nyingi, hasa juu ya vichwa vyenu, hameni mwite mhandisi.

Nyufa nyembamba kama unywele ni jambo jingine. Gamba hutanuka jua likichoma na kusinyaa usiku, kwa hiyo ufa unapumua, na ukiuziba kwa saruji ngumu utapasuka tena kando ya kiraka. Uzibe kwa dawa ya kuziba inayovutika, kisha paka nyumba yote chokaa nyeupe ili isichemke mchana. Kazi hiyo ifanyike Januari au Februari, wakati wa kaskazi na ukavu, wala isisubiri Aprili masika yakishaanza.

Kuhusu mdomo kuingiza maji, hilo lilitarajiwa, kwa kuwa mdomo unatazama kusi. Jengeni ukuta mfupi unaojitegemea mbele yake, hatua tatu au nne nje, mtu auzunguke anapoingia. Upepo utapita, maji yatabaki.

Sasa la mlango wa pili. Mwambie mumeo, kwa heshima zote, asiguse ukuta huo. Katika nyumba ya kawaida nguzo na mihimili ndiyo hubeba, na ukuta mara nyingi hujaza tu. Hapo kila shubiri ya gamba inabeba jirani yake, kama yai. Tundu linawezekana, lakini lazima mhandisi wa majengo apige hesabu, tundu lizungushiwe pete nene ya nondo na saruji kabla ya kukatwa, na kibali cha kaunti kipatikane. Ukikata kwanza ukafikiri baadaye, ufa utakaoanzia kwenye kona ya mlango utapanda mpaka kitovuni.

Na kama kitovuni juu kuna tundu lenye kifuniko, usilizibe kwa sababu ya popo. Hewa ya moto hupanda, hutokea hapo, na nafasi yake hujazwa na upepo unaoingia mdomoni. Feni yako ya wiki mbili ilikuwa hiyo.

---

Bi_Kibokoni alijibu:

Binti, mimi sijaishi katika konokono, lakini nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale katika nyumba yenye umbo la kipande cha keki. Vichochoro viwili vinakutana kwa pembe kali na babu alijenga palipobaki, kwa hiyo chumba chetu cha mwisho kinaanza kwa upana wa kitanda na kuishia kwa upana wa mtungi. Mama alilimaliza tatizo kwa kuweka mtungi hapo, na mpaka leo maji ya kunywa yanakaa kwenye pembe hiyo.

Watu wanasema umbo la namna yako ni geni kwetu. Sikubaliani. Nyumba zetu za mawe za zamani hazikuwa na uhuru mkubwa zaidi, maana dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita 2.5 au 3, ndiyo maana vyumba vyote ni virefu na vyembamba kama korido. Wazee hawakulalamika kwamba fanicha haiingii. Walifanya ukuta wenyewe kuwa fanicha. Zidaka zilichongwa katika lipu, vyombo na misahafu vikakaa humo. Baraza zilijengwa pamoja na ukuta. Fanyeni hivyo. Mwashi awajengee kiti cha mawe kinachoufuata ukuta unavyopinda, kisha mshoneshe magodoro. Rafu zijengwe upande wa ndani bila kutoboa gamba, Fundi atanisahihisha nikikosea.

Kuhusu kabati, mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa hesabu, amekaa na kalamu tangu alasiri kwa ajili yako. Anasema hivi: ukuta ukipinda kama sehemu ya duara ambalo kutoka katikati mpaka ukingoni ni mita 3, kabati la urefu wa mita 2 litaacha pengo la sentimita 17 nyuma yake katikati. Ukilipeleka kwenye vyumba vya ndani ambako duara ni la mita moja na nusu, pengo linafika sentimita 38, kabla hata hatujahesabu ukuta unavyoinama. Lakini sanduku la urefu wa mita 1 kwenye ukuta ule wa kwanza litaacha sentimita 4 tu, nafasi ya mende wala si ya mtoto. Kwa hiyo uza kabati, nunua masanduku ya njumu au yoyote mafupi na ya chini, upange mawili matatu yakifuatana na ukuta kama shanga. Bibi zetu waliweka nguo zao zote humo na hawakuwahi kutoka na nguo iliyokunjamana.

Mwangwi unatokana na ukuta uliopinda kuikusanya sauti na kuirudisha katikati. Mkeka peke yake ni mwembamba, hautasaidia. Wekeni zulia zito, magodoro ya baraza, mapazia ya kitambaa kinene kati ya chumba na chumba, na rafu zilizojaa vitu vya kila ukubwa ili sauti igonge na kutawanyika. Na asilale mtu kitovuni. Hapo si mahali pa siri.

Jambo la mwisho, ambalo nadhani ami yako alilijua vizuri kuliko anavyosifiwa. Nyumba ya Kiswahili haimwonyeshi mgeni kila kitu: kwanza daka, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, yaani vyumba virefu vya mbele, na mwisho kabisa ndani, na kila hatua inapunguza idadi ya wanaoruhusiwa kupita. Konokono yako ni mpango uleule uliokunjwa. Mgeni akae mdomoni, wanaume wapokelewe kwenye mzunguko wa kwanza, na ninyi mbaki ndani bila kuonekana, kwa sababu jicho haliwezi kupinda. Mama mkwe mpeni chumba cha kwanza baada ya ukumbi, karibu na mlango na karibu na choo, na haja ya kutoboa ukuta itakwisha yenyewe. Bibi harusi aliingia kwa sababu hukuwa na daka. Ule ukuta mfupi anaousema Fundi ndio daka lako.

---

MwanaMvita_Ughaibuni alijibu:

Nyongeza fupi kuhusu wageni wasioalikwa. Ninaishi Uholanzi, na mjini Rotterdam kuna nyumba za mchemraba zilizosimamishwa kwa pembe juu ya nguzo, kazi ya msanifu Piet Blom, zilizokamilika mwaka 1984. Watu wanaishi humo mpaka leo, ingawa kuta zimeinama kiasi kwamba karibu robo ya sakafu haitumiki. Watu walikuwa wakichungulia madirishani kila siku, mpaka nyumba moja ikafunguliwa kwa wageni wanaolipa kiingilio, na sasa mwenye kutaka kuona ndani ana mahali pa kwenda. Wewe huna nyumba ya pili, lakini una ukumbi wa mdomoni. Tenga Jumamosi moja kwa mwezi, weka kibao cha ada ya kupiga picha, na siku nyingine funga lango. Kwa wapiga picha wa harusi wa Mombasa ada hiyo si kitu, na chokaa ya kila Januari itajilipa.

Na anayesema umbo hilo ni upuuzi akumbuke kwamba Fort Jesus, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ina umbo la mtu aliyelala chali. Wenyeji tumepita chini ya kuta zake maisha yetu yote bila kumwona mtu huyo, kwa sababu anaonekana kutoka juu tu.

---

Mkweli_wa_Tudor alijibu:

Hoja ya daka nimeikubali. Hoja ya wajukuu bado nimeishikilia.

---

BintiWaBaharia alijibu:

Nawashukuru nyote, na Bi Kibokoni mpe salamu mwalimu.

Jana tulivuka feri asubuhi na nyundo mbili na boksi la chaki. Tumegonga kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, watoto nje na sisi ndani, na jirani akatuuliza kama tumeanza kubomoa. Alama tumepata kumi na moja. Tisa ziko mdomoni, upande wa bahari, chini ya usawa wa kiuno. Mbili ziko kwenye mzunguko wa pili, juu ya dirisha. Kitovu chote kinalia kama kengele. Tundu lenye kifuniko lipo kweli, na popo wapo. Tumewaacha.

Kaka yangu mkubwa alikuja kututazama, akakaa kitovuni peke yake kwa muda akiigeuzageuza dira. Alipotoka akasema amewasikia watoto wakigombana mdomoni, neno kwa neno, na kwamba sasa ameelewa kwa nini ami aliiweka redio pale: taarifa ya habari ilisikika nyumba nzima bila kuongeza sauti, na kila kilichosemwa ukumbini kilimfikia yeye kitini. Hajasema tena habari ya vyumba vya kupangisha, ingawa hajasema pia kwamba ameiacha.

Bwana Mkweli, kiwanja kina nafasi ya nyumba ndogo ya pembe nne upande wa mnazi, mbali na gamba. Wajukuu watalala huko.

Kabati limepata mnunuzi Majengo. Mama mkwe amechagua chumba chake mwenyewe, kile cha kwanza baada ya ukumbi, kabla hatujamwambia lolote. Tutahamia kodi ya hapa itakapokwisha mwezi wa Desemba, ili Januari itukute huko. Swali langu la mwisho ni kwa Fundi: zile alama mbili za juu ya dirisha ziko shubiri mbili kutoka kwenye ufa mrefu unaopanda kuelekea kuba. Je, zinaweza kusubiri mpaka Januari?

---

FundiMstaafu alijibu:

Tisa za chini zinaweza kusubiri. Hizo mbili za juu sitaki kuzijibu kwa maneno. Piga picha ya ufa mchana, ukiweka sarafu ya shilingi kumi kando yake ili nione upana, kisha ubandike kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa saruji kidogo kila upande, uandike tarehe ukutani. Kioo kikipasuka ndani ya mwezi mmoja, ufa bado unatembea, na watoto wasilale chini yake mpaka mhandisi aje. Kisipopasuka, niandikie Desemba kabla hujanunua mchanga.